Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: kila kilomita ya Makambako–Songea ipate mwenyewe

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu ya kitaifa. Mimi ni mkulima wa mahindi wa Madaba, mkoani Ruvuma, kwenye barabara kuu inayotoka Makambako kwenda Songea. Siandiki kuomba lami, maana lami tunayo tangu miaka ya 1980, ilipojengwa kwa msaada wa Uingereza. Wala siandiki kusema tumesahauliwa. Kipande cha kutoka Rutukira mpaka Songea kimeingizwa kwenye mpango wa kujengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na habari hiyo imetufurahisha sana huku. Ninachoandikia ni kitu kilichomaliza barabara ya kwanza, na ambacho kitaimaliza na ya pili tusipokiwahi. Naandika kuhusu maji, na kuhusu mtu wa kuyaondoa.

Machi iliyopita mvua ilianza saa mbili usiku ikanyesha hadi alfajiri. Karibu na shamba langu kuna kalvati la bomba linalopitisha maji ya mlimani kwenda bondeni. Nilipofika pale asubuhi na jembe begani niliwakuta majirani wawili wamekwisha kuvua viatu. Maji hayakuwa yakipita chini ya barabara, yalikuwa yanaivuka juu. Mdomo wa kalvati ulikuwa umejaa mabua ya mahindi, mchanga, chupa za plastiki na gogo moja la mti lililokaa mkao wa kizibo. Tulichimba zaidi ya saa mbili. Gogo lilipotoka, maji yakavutwa ndani kwa kishindo, na barabara ikaanza kukauka mbele ya macho yetu.

Ndipo tukaona kilichotokea usiku. Ukingo wa lami, urefu wa hatua sita hivi, ulikuwa unaning'inia kama ukoko baada ya wali kupakuliwa. Chini yake hapakuwa na kitu. Nililala kifudifudi nikaingiza mkono mpaka begani, sikugusa kifusi. Kwa juu lami ilikuwa nzima kabisa, na mstari mweupe wa pembeni ulikuwa bado unaonekana. Dereva anayeshuka kutoka Njombe usiku angeona barabara nzuri.

Tulikata matawi tukayatandaza njiani, kama utingo wanavyofanya gari likiharibika. Saa tatu asubuhi likaja lori la makaa ya mawe lenye trela. Dereva aliyaona matawi, akapunguza mwendo, akahamia upande wa pili, lakini kona ile ni kali na barabara ni nyembamba. Tairi za nyuma za trela zikakanyaga ukingo, na kipande kizima cha lami kikakatika kikaangukia mtaroni. Trela likainama, likayumba, likanyooka. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Dereva alisimama mbele kidogo, akashuka, akarudi kuangalia, akakaa chini kwenye majani bila kusema neno.

Shimo lile lilikuja kuzibwa baadaye, likazibwa vizuri, kwa mawe na lami moto, na waliofanya kazi ile nawashukuru. Lakini hebu tazama, Mheshimiwa. Kama mtu mmoja angelitoa lile gogo mwezi Februari, kazi yote ingekuwa ya jembe moja na nusu saa. Kufikia Mei ilihitaji greda, mashine ya kushindilia, malori ya kokoto, mafundi wa kutoka mbali, na vijana wa kushika bendera kuongoza magari siku kadhaa.

Marehemu baba yangu alikuwa kibarua wa barabara. Enzi hizo vibarua walikaa kambini kando ya barabara, kila kundi na kipande chake, na baba alikijua kipande chake kama mtu anavyojua ua wa nyumba yake. Makalvati aliyapa majina. Lilikuwepo la Mama Ntilie, kwa sababu pembeni yake palikuwa na mama aliyeuza chai, na lilikuwepo la Nyoka, na sababu yake sihitaji kueleza. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba baba alitoka wakati mvua inanyesha. Alijifunika nailoni, akachukua jembe na koleo, akaondoka, mama akimlalamikia mlangoni kwamba atapata homa. Yeye alisema barabara hukaguliwa wakati wa mvua, kwa sababu jua likishawaka maji hayaonyeshi yalipita wapi. Nilikuwa mtoto, niliona ni ukaidi wa mzee. Leo nimekwisha kuona lami ikitafunwa mara nyingi, na naona alikuwa anasema jambo ambalo wahandisi nao wanalisema kwa lugha yao.

Maana lami yenyewe ni ngozi tu. Mzigo wa gari hubebwa na tabaka za kokoto na kifusi zilizoshindiliwa chini yake, na tabaka hizo zina nguvu zikiwa kavu. Mtaro ukijaa udongo, maji yanasimama kando ya barabara badala ya kwenda zake, yanajipenyeza chini ya lami taratibu, siku baada ya siku. Tairi zito likipita juu ya kifusi kilicholowa, kifusi kinabonyea na kutema maji, na kila maji yanapotoka yanaondoka na ule udongo laini unaoshikilia kokoto. Lami inabaki haina wa kuibeba. Inapasuka nyufa kama magamba ya mamba, mvua nyingine inaingilia kwenye nyufa hizo, na baada ya wiki chache una shimo. Kwa hiyo mtu akiona shimo la Aprili anatazama mwisho wa hadithi iliyoanza Novemba, mtaroni, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anatazama.

Sasa juu ya barabara iliyolowa namna hiyo weka uzito tunaoushuhudia kila siku. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima na mzigo wake, na tani 10 kwa ekseli moja, yaani mhimili mmoja wa magurudumu, yenye tairi nne. Namba hizi hazikuokotwa. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hayapandi sambamba na uzito wake, yanapanda kwa kipeo cha nne hivi. Ekseli ya tani 12 inaonekana imezidi tani 2 tu juu ya ile ya tani 10. Lakini zidisha 1.2 kwa 1.2, kisha tena, kisha tena: unapata zaidi ya 2. Maana yake ni kwamba gari lile limeiumiza barabara mara mbili katika safari moja. Na kwa hesabu hiyohiyo, ekseli moja halali ya tani 10 inachosha barabara sawa na ekseli ya gari dogo yenye uzito wa nusu tani ikipita mara 160,000. Nilipoelezwa hesabu hii kwa mara ya kwanza sikulala vizuri, kwa sababu niliwahi kupakia mahindi yangu kwenye lori nililojua limezidi, nikaona nimepata usafiri wa bei nafuu.

Hilo nalisema wazi kwa sababu sitaki barua hii ionekane kama inawatupia lawama watu wa makaa peke yao. Ni kweli magari ya makaa kutoka Mbinga yamekuwa mengi, na barabara hii ilipobuniwa hapakuwa na mtu aliyeyawazia. Yana haki ya kupita. Makaa ni mali ya nchi na yanaajiri vijana wetu. Lakini na sisi wa mahindi tumo, na wa mbao kutoka Njombe wamo. Julai mpaka Oktoba, msimu wa kuuza ukichanganya, lori linapakiwa usiku mpaka turubai halifungiki. Mizani ya kudumu mahali pamoja kila mtu anajua iko wapi na inafikiwa saa ngapi. Ninachoomba ni mizani ya kuhamishika, inayotokea leo hapa na kesho pale, usiku pia, na zaidi ya hapo uzito upimwe pale mzigo unapopakiwa: mgodini, kwenye maghala ya kununulia mahindi, kwenye viwanda vya mbao. Gari lililozidi likigunduliwa baada ya kilomita 200, faini inalipwa, lakini kilomita 200 zimekwisha kuumia.

Mheshimiwa, nakuomba uitazame barabara hii kwa kalenda ya mkulima, maana ndipo utaona kwa nini mtaro unatugusa sisi kabla ya kumgusa mtu mwingine yeyote.

Huku tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili au Mei. Mbolea ya kupandia inapanda barabara hii Novemba na Desemba. Ya kukuzia inatakiwa iwe shambani Januari, ikichelewa sana Februari mwanzoni, mahindi yakiwa usawa wa goti. Yaani mbolea inasafiri katika miezi ileile ambayo barabara inaumwa. Lori likikwama siku tatu kwenye mlima wa Lukumburu kwa sababu gari jingine limeanguka na kuziba njia, wakulima wa vijiji kadhaa wanakaa wakiangalia mahindi yakigeuka manjano. Mbolea ya ruzuku ni msaada mkubwa, na tumeifurahia tangu ilipoanza upya msimu wa 2022/23. Ila mbolea iliyofika baada ya mahindi kutoa mbelewele haimrudishii mtu kitu.

Kisha tunavuna. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi. Tangu miaka ya 1980 ilihesabiwa na Iringa, Mbeya na Rukwa kama mikoa minne ya mahindi, na Njombe ilikuwa bado ndani ya Iringa mpaka 2012. Mahindi yetu yanateremka Makambako, yanakutana na barabara ya kwenda Dar es Salaam na reli ya TAZARA, yanaenda mjini. Watu wa mjini wakisikia barabara ya kusini mbovu wanadhani hasara yake ni unga kupanda bei. Inapanda, sibishi. Lakini kuna upande mwingine hausemwi. Bei ya gunia shambani Madaba ni bei ya Makambako ukitoa nauli. Mwenye lori akivunja springi mara mbili kwa mwezi anaongeza nauli, na ile nauli haimwendei mnunuzi, maana mnunuzi anaweza kwenda kununua Iringa. Inanirudia mimi. Kila shimo kati yangu na Makambako linakatwa kwenye gunia langu kabla halijashonwa.

Na kodi ya barabara tunalipa kama wengine, pengine kuliko tunavyodhani wenyewe. Mfuko wa Barabara unategemea tozo ya mafuta. Mashine ya kusaga ya kijijini kwetu inatumia dizeli. Mama anayekwenda kusaga debe la mahindi analipia, ndani ya bei ya kusaga, tozo ya barabara, ingawa mashine ile haijawahi kukanyaga lami tangu ifungwe. Mwaka 2021 tozo iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na yule mama alilipa hizo pia. Kwa hiyo tunapoomba mtaro uzibuliwe hatuombi sadaka.

Lakini nisingekuwa mkweli kama ningeishia kuidai Serikali. Sehemu ya udongo uliojaa kwenye mitaro ile ni yetu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu, na humo ndani utakuta matuta ya viazi vitamu yamelimwa mpaka ukingoni mwa mtaro. Mvua ikinyesha, tuta linateremkia mtaroni. Mtu akijenga nyumba au kibanda anajaza kifusi juu ya mtaro apate pa kuingizia gari, bila kuweka bomba chini, na kuanzia hapo maji ya kilomita nzima yanakosa njia. Mabua tunayatupa tu. Vibao vya alama na vyuma vya kingo vimeng'olewa vikauzwa kama chuma chakavu, na walioving'oa hawakutoka mbali. Nimeyasema haya kwenye mkutano wa kijiji na hayakupokelewa vizuri. Nayasema tena hapa, kwa sababu ombi langu linahusu sisi pia.

Ombi ni hili: kila kipande cha barabara hii kikabidhiwe kwa watu wanaoishi kando yake, kwa mkataba, mwaka mzima.

Sisemi vibarua wa kuitwa mara moja kufyeka majani kabla ya ziara. Nasema kikundi cha kijiji, wanawake na vijana, kinachopewa kilomita zake tano au nane, na orodha ya makalvati yake, na zana: majembe, makoleo, matoroli, mafyekeo, makoti ya kuakisi mwanga. Kilipwe kila mwezi kwa kazi inayoonekana, si kwa siku za kuhudhuria. Mtaro uko wazi au hauko wazi. Mwanga unaonekana upande wa pili wa bomba la kalvati au hauonekani. Ufa umezibwa ungali mwembamba au umeachwa. Mhandisi anaweza kupita kwa pikipiki na kukagua kilomita 50 kwa asubuhi moja, na kikundi ambacho hakikufanya kazi kisilipwe. Kikiachia mara tatu, kinyang'anywe kipewe kingine.

Jambo hili si geni kwenye sheria zetu. Taratibu za ununuzi wa umma zinatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Vikundi vya kijamii vimekwisha kupewa kazi za barabara sehemu mbalimbali nchini. Ninachokiona kimepungua ni mwendelezo. Mkataba wa miezi mitatu unaoanza Mei, mvua ikiwa imekwisha, unafyeka majani mazuri na hauokoi kitu. Mkataba uanze Oktoba, mitaro isafishwe kabla ya tone la kwanza, na watu wale wale wawe kazini Desemba, Januari, Februari na Machi, maji yanapotembea. Najua mwaka wa fedha unaanza Julai na karatasi zina safari zake. Karatasi zianze Julai basi, ili jembe lianze Oktoba.

Faida nyingine itakuja yenyewe, na kwangu ni kubwa kuliko fedha. Kikundi kikiwa na kilomita zake, jirani hatalima mtaroni kirahisi. Leo nikimwambia jirani yangu aondoe tuta lake ananiuliza barabara ni ya baba yangu. Ukiwepo mkataba, na shemeji yake akiwa kwenye kikundi, na malipo ya kikundi yanategemea mtaro ule, mazungumzo yatakuwa tofauti. Hata chuma cha ukingo kitakuwa na wa kukiulizia.

Kuna jambo ambalo wizara yako peke yake haiwezi, Mheshimiwa, nalo ni njia za vijijini zinazoingia barabara kuu. TANROADS, wakala ulio chini ya wizara yako, ina kama kilomita 37,000 za barabara kuu na za mikoa. TARURA, iliyo chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, ina zaidi ya kilomita 144,000. Kwenye makaratasi ni taasisi mbili. Kwenye mvua ni mteremko mmoja. Njia ya udongo inashuka kutoka mashambani, haina bomba mahali inapokutana na lami, na maji yote ya kijiji yanaletwa na matope yake mpaka katikati ya barabara kuu. Trekta na malori madogo yanamalizia kazi kwa kubeba udongo kwenye tairi. Pale kwetu kuna makutano ambayo kila masika yanageuka bwawa, na pikipiki zimeanguka hapo zaidi ya mara moja. Mita 50 za mwanzo za kila njia ya kijiji, kuanzia pale inapogusa lami, zikijengwa kwa zege au mawe na kuwekewa bomba, na iamuliwe mara moja ni za nani, nusu ya matope yatabaki huko yalikotoka. Tafadhali lizungumzeni na mwenzako wa TAMISEMI. Sisi hatujali nembo iliyo kwenye gari la kazi.

Kuhusu barabara mpya nina machache, maana wahandisi wanajua kuliko mimi. Mabega ya barabara yawe ya kutosha mtu kutembea na mzigo kichwani, na mtoto wa shule pembeni yake. Sasa hivi ukisikia honi nyuma yako na nyingine mbele, unarukia majanini, na wakati wa mvua majani yenyewe yana mtaro ndani. Kwenye milima, Lukumburu hasa, pawe na njia ya ziada ya kupandia magari mazito, kwa sababu ajali nyingi tunazoziona zinatokana na gari dogo lililochoka kufuata trela kwa mwendo wa miguu, likaamua kujaribu kwenye kona. Pawe na sehemu za malori kusimama, ili utingo asilazimike kukata matawi. Na makalvati yapimwe kwa mvua za sasa. Lile la karibu na shamba langu lilitosha enzi za baba. Mlima uliokuwa na msitu juu yake leo una mashamba, na maji yanayoshuka si yale.

Kule Ludewa, kwenye kipande cha Lusitu hadi Mawengi, barabara ilijengwa kwa zege, kilomita 50, kwa sababu ya milima, mvua na malori mazito. Sijui kama gharama yake inafaa kwetu kote, na sitajifanya mtaalamu. Ila kama kuna kona mbili tatu za Lukumburu ambazo lami imekataa kukaa kwa miaka 40, huenda pale zege likawa nafuu.

Fedha najua hazitoshi. Ndiyo maana nimeanza na jembe. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilipiga hesabu ya barabara za nchi zinazoendelea ikaona kwamba dola bilioni 40 hadi 45 zilizohitajika kujenga upya barabara zilizokufa zingeweza kuepukwa kwa matengenezo ya wakati yasiyofika dola bilioni 12. Hesabu ile ilitoka barabara yetu ikiwa mpya kabisa, bado inang'aa. Tungeweza kuwa sehemu ya hao waliosikia. Sasa tunakopa kuijenga tena, na mkopo huo watoto wangu watakuwa miongoni mwa watakaoulipa. Naomba wasikope mara ya tatu kwa barabara ileile.

Kwa hiyo, pamoja na mkataba wa mkandarasi atakayejenga, usainiwe siku hiyohiyo na mkataba wa matunzo ya miaka inayofuata, wenye fedha zake, wenye majina ya vijiji na namba za kilomita. Na kipande cha kuanzia Rutukira kuja Madaba, Lukumburu mpaka Njombe, ambacho kitasubiri zamu yake, kianze na vikundi msimu huu, kabla ya mvua za Novemba. Hicho hakihitaji mkopo.

Madaba tumekwisha kuongea. Tuko watu 14, wanawake 9 na wanaume 5. Kati yetu yumo mwashi mmoja anayejua kujenga ukuta wa mawe wa kuzuia mmomonyoko, na yumo mama mmoja ambaye baba yake naye alikuwa kambini pamoja na baba yangu. Tumepita kwa miguu kilomita sita tukahesabu makalvati 11. Manne hayaonyeshi mwanga upande wa pili. Orodha yake ipo, imeandikwa kwa mkono kwenye daftari la shule, kila moja na mahali lilipo na kilicholiziba. Ukipita kwenda Songea, mwambie dereva asimame Madaba dakika kumi. Tutakuletea daftari hapo hapo barabarani, na tutakuonyesha la kwanza, halipo mbali.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa mahindi,
Madaba, Ruvuma